Osiloskopu ya Jirani Yetu wa Kakuma

Mwezi uliopita nilitumwa Kakuma kukagua pampu ya maji ya sola. Kazi ikaisha mapema, na badala ya kupumzika kivulini kama dereva alivyonishauri, nikaanza kutembea. Wewe unanijua, kukaa mimi siwezi. Miguu ikanipeleka hadi mahali mama yangu alipokuwa na hoteli yake ya chai, kando ya barabara inayoingia kambini. Siku hizi hapo pana duka la simu. Nilisimama nje, upepo ukinitia vumbi machoni, na kijana mmoja ndani akawa anaunganisha waya. Moshi wa lehemu ukanifikia puani. Moyo ukaanza kwenda mbio kama wa mtu anayechelewa gari.

Harufu ile kwangu ni ya jirani.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kikongo, mkimbizi na mjane, na kibanda chake cha mabati kilitazamana na hoteli yetu. Kwao yeye na marehemu mume wake walikuwa mafundi wa mitambo katika kituo cha redio. Pale Kakuma alitengeneza redio za watu na spika za makanisa, lakini alichokipenda hasa ni vyombo vya kupimia: mita za zamani za sindano, zile ambazo fundi anazitumia kujua kifaa kingine kinaumwa wapi. Mita iliyokwama ilimnyima usingizi. "Mita ikidanganya," aliniuliza siku moja, "mi natengeneza nini sasa?"

Nikitoka shuleni mama alinipa birika la chai ya maziwa ya mbuzi na chapati zilizofunikwa kitambaa, nami nikavuka barabara. Jirani alikunywa amesimama. Sikumbuki kumwona ameketi akala mpaka akamaliza. Mkono mmoja ulikuwa na chapati, mwingine tayari unatafuta bisibisi. Vumbi la Turkana huingia kila mahali, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kulifagia ndani ya mashine kwa unyoya wa kuku, taratibu, kisha kupangusa swichi kwa kitambaa kilicholowa spiriti. Mashine ikiwa na umeme alinikataza kutumia mikono yote miwili. "Mukono moya mu mufuko," alisema, mkono mmoja mfukoni, umeme usije ukapita kifuani. Sare yangu haikuwa na mfuko. Mama alinishonea mmoja kwa kipande cha kanga, na wenzangu shuleni wakanicheka muhula mzima.

Halafu ikaja osiloskopu. Mapadri fulani waliokuwa wanahama walimwachia. Ilikuwa sanduku la chuma lenye kioo kidogo cha mviringo, zito kama mbuzi aliyeshiba, na ndani mlikuwa na valvu, zile taa za kioo zilizotumika kabla ya vifaa vya kisasa. Alinieleza kwamba ikipona itatuonyesha umeme kwa macho, kama mstari wa kijani unaocheza. Ilikuwa imekufa kabisa. Aliihangaikia kiangazi chote, akibadilisha hiki na kile, na kila asubuhi wanunuzi wa vyuma chakavu walipita na mkokoteni wakimuuliza kama amechoka nayo.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha akaambiwa safari yake ya ng'ambo imekubaliwa. Ungedhani angetulia. Alizidi kuhangaika. Alifagia mahali palipokwisha kufagiwa, akafunga mizigo, akaifungua tena. Mwalimu mmoja wa fizikia wa shule ya sekondari ya Lodwar alikuwa amemwambia ataichukua osiloskopu kwa ajili ya wanafunzi, ila iwe inafanya kazi. Stoo ya shule ilikuwa imejaa vyuma vibovu tayari. Ikibaki imekufa, itaondoka na mkokoteni. Jambo hilo jirani hakuweza kulivumilia.

Kilichobaki kilikuwa kapasita moja kubwa, kopo la aluminiamu linalotunza umeme. Ile ya mashine ilikuwa imevuja. Mwalimu alijua kanisa moja Lodwar lenye amplifaya ya zamani iliyoharibika, yenye kapasita ya aina hiyo. Mama alikuwa na safari ya kwenda kumwona nyanya huko, akanichukua kwa kuwa mimi ndiye niliyekijua kitu chenyewe kwa sura.

Tuliipata bila taabu. Taabu ilikuwa kurudi. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na tulipokaribia Kakuma tukakuta lagga, mto ule ambao siku zote ni mchanga mtupu, imejaa maji mekundu yanayobeba matawi. Magari yalisimama pande zote mbili. Wachungaji wa mbuzi walikaa kwenye vigoda vyao wakizungumza polepole, kama watu wasiokuwa na haja ya kufika popote. Mimi nilipanda na kushuka ukingo ule kapasita ikiwa kifuani.

"Kaa chini, wewe," mama akaniambia. "Hiyo maji haisikii miguu yako."

Jioni dereva mmoja alizungumza na mwenzake kwa simu, akatupa habari: watu wa safari ya ng'ambo wangechukuliwa kesho kabla ya saa sita. Mama alinivuta karibu. Bibi mmoja wa boma lililokuwa jirani alitupokea, akatusalimu, "Ejok," akatupa maziwa yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Nililala nikisikiliza mto.

Asubuhi maji yalikuwa yamepungua mpaka magotini. Mama hakungoja magari. Alikunja nguo, akaifunga kapasita katika leso na kuiweka kichwani, akanishika mkono, tukavuka. Upande wa pili tukapata pikapu.

Tulimkuta jirani amevaa kitenge kipya na viatu vya kufunika, nywele zimesukwa, begi liko mlangoni. Hakuuliza tulichelewa kwa nini. Aliichukua kapasita, akaipima kwa mita yake ya sindano, akafunga kanga juu ya kitenge kipya, akaanza kulehemu. Kisha akapitisha umeme wa jenereta kwenye balbu ya kawaida kabla haujafika kwenye mashine.

"Angalia balbu," akaniambia. "Ikiwaka nguvu, haitaki kupunguka, basi tumepoteza."

Balbu iliwaka kwa nguvu. Mama, aliyekuwa mlangoni, akaguna. Halafu nyuzi za balbu zikaanza kufifia, zikawa nyekundu, zikabaki hivyo. Tukangoja valvu zipate moto. Harufu ya vumbi linaloungua ikajaa kibandani, na katikati ya kile kioo ukatokea mstari wa kijani, mwembamba, umenyooka.

Jirani aliunganisha spika ndogo na amplifaya ndogo, kisha na mashine, ili spika ile isikie badala ya kutoa sauti. "Sema," akaniambia.

Nikasema, "Ejok."

Mstari ukapanda na kushuka, ukatulia. Niliiona sauti yangu mwenyewe, rafiki yangu, na sijui nikueleze vipi zaidi ya hapo. Kisha yeye akainama karibu na spika, akalitaja jina la marehemu mume wake. Akautazama mstari mpaka uliponyooka. Akalitaja tena.

Nje, basi la safari likapiga honi.

"Mama, gari imekuja," mama yangu akasema kwa sauti ya chini.

Jirani akazima mashine, akavua ile kanga, akajipangusa mikono nayo. Alinishika shavu. "Usifungue sasa hivi," akasema. "Umeme ingali ndani." Akachukua begi lake akatoka, nasi tukabaki na kile kisanduku chenye joto.

Mwalimu alikuja kukichukua. Nilikikuta Lodwar nilipoingia sekondari, na kwa muda wanafunzi walipanga foleni waone sauti zao. Baadaye mwalimu akahamishwa, na kisanduku nacho sijui kilipelekwa wapi. Mita ninayoitumia mimi sasa kazini kule Lorugum inaenea kiganjani, na ikiharibika tunaletewa nyingine. Hakuna anayeifungua. Mama hayupo tena, na hata watu wa ile barabara sikuwatambua.

Jirani alinipigia simu mara moja, kutoka nchi ya baridi. Alisema nyumba yake ina joto la kutosha na watoto wa dada yake wanasoma. Nikamuuliza anatengeneza nini siku hizi. Akasema huko kitu kikifa watu wanakiweka nje, na asubuhi gari linapita kukichukua. Tangu hapo namba ile haipatikani. Namwaza asubuhi hizo, amesimama dirishani na kikombe cha chai mkononi, akilitazama lile gari likipita.