Waliosoma Nguo za Watu Mezani pa Poka

Siku yangu ya kwanza kazini sikushona hata kifungo. Fundi Mkuu alinipa pasi ya makaa na rundo la vitambaa vya bitana, yaani kile kitambaa laini cha ndani ya koti, akaniambia nipige pasi mpaka nijue joto kwa pua. Duka lake lilikuwa Bondeni, hapa Nakuru, mwanzo wa miaka ya hamsini. Mimi nilikuwa kijana kutoka Ndabibi, baba yangu mkamuaji wa ng'ombe wa mzungu, sina ndugu hata mmoja mjini. Yeye alikuwa mzee wa Kiislamu, baba yake alitoka Pwani, na hakupenda mtu wa kubabaisha.

"Kijana," aliniambia jioni hiyo, "nguo ya mteja itakuambia mambo mengi. Utajua nani amekonda, nani anakunywa, nani mkewe hamshughulikii tena. Ukitoka na maneno hayo mlangoni, usirudi."

"Sitatoka nayo, mzee."

"Hata ukiulizwa na bwana DC?"

"Hata yeye."

"Haya. Kesho nitakupa sindano."

Ninyi wa siku hizi mnanunua mtumba Jumamosi, wiki ijayo mnautupa, kwa hiyo kugeuza koti hamkujui. Koti la sufu likipauka kwa jua, sisi hatukulitupa. Tulilifumua lote, mshono kwa mshono, tukageuza kitambaa ili upande wa ndani ambao haujaona jua utokee nje, kisha tukalishona upya. Ukimaliza, utadhani limetoka dukani. Ila kuna alama moja ambayo fundi hawezi kuificha: mfuko mdogo wa kifuani, ambao kwa kawaida hukaa kushoto, unahamia kulia. Mtu anayejua akiona mfuko uko kulia, anajua koti hilo limegeuzwa.

Baadaye hoteli moja ya wazungu pale mjini ilitafuta fundi wa kurekebisha nguo za wageni, Fundi Mkuu akanipendekeza. Nilipewa mshahara mdogo, lakini pia nilipewa chumba nyuma ya jiko, mimi na mke wangu Tabitha. Wakati ule ilikuwa Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya mkoloni. Mwafrika asiye na mwajiri alipandishwa lori akarudishwa alikotoka, na mke hakukubaliwa kukaa mjini kama mume hana nyumba ya kazi. Ukifukuzwa kazi, umefukuzwa nyumba, na pengine umefukuzwa mji. Tabitha alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, Yohana, na mimi kila asubuhi nilikwenda kwenye cherehani yangu nikijua hivyo.

Mkubwa wetu, Bwana Meneja, alikuwa mtu wa poka. Poka ni mchezo wa karata ambao unaweza kushinda huku huna karata yoyote ya maana, mradi uwatishe wenzako kwa dau kubwa mpaka watupe zao. Wakulima wa kizungu waliokuja mjini walicheza mchana kutwa kwenye chumba kilichopakana na changu, mlango wazi, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Na Meneja alijisifu kwamba yeye haangalii karata, anaangalia nguo. Tai mpya, alisema, ni mtu wa kujionyesha, usimwamini. Viatu vyenye tope ni mwenye mali, huyo usimchokoze. Suruali inayong'aa magotini kwa uzee ni mtu aliyeishiwa. Mtishe kidogo tu, atatupa karata.

Laiti upuuzi huo ungebaki mezani! Alitutazama na sisi wafanyakazi kwa macho hayo hayo. Aliyekuja na shati chafu aliitwa mshenzi. Aliyekuja na shati zuri alipekuliwa wakati wa kutoka, kwamba amelipata wapi. Sasa mtu avae nini, jamani? Tuje uchi?

Siku moja mgeni mmoja, memsabu mjane mwenye shamba kubwa la ng'ombe upande wa Naivasha, aliniletea koti la kijivu, la kiume.

"Fundi, hii koti ya bwana yangu," alisema kwa Kiswahili chao kile. "Yeye nakwisha kufa. Wewe fanya ndogo, mimi navaa. Lakini hapana ambia mtu."

Aliushika mkono wa lile koti kama anayeagana na mtu, na machozi yalimtoka mbele yangu. Mimi ni binadamu, nilimhurumia. Upande wa nje ulikuwa umepauka vibaya, kwa hiyo nilipopunguza mabega nililigeuza pia. Huyo mama hakuwa maskini hata kidogo. Angeweza kuagiza makoti kumi kutoka Ulaya. Alilitaka lile kwa sababu ya mumewe, basi.

Nilikuwa nimelitundika dirishani Meneja alipopita. Alisimama, akakodoa macho.

"Aa! Mfuko iko kulia," alisema, anacheka. "Hii ya memsabu? Yeye hapana pesa sasa, eh?"

"Mimi nashona tu, bwana."

Akanipiga begani kama tumekula njama, akaenda zake. Jibu langu hilo alilichukua kuwa ndiyo.

Jumatatu iliyofuata memsabu alikaa mezani akiwa na koti lake. Meneja akamwandama. Kila huyo mama alipoweka dau, yeye aliongeza, akaongeza tena, wengine wakatupa karata wakajitoa. Nilimsikia anasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba anaweka gari lake. Nikasikia funguo zinaanguka mezani. Alikuwa na hakika mjane mwenye koti lililogeuzwa hatathubutu kufuata, yaani kuweka dau sawa na lake.

Mama akafuata. Bila haraka, bila kelele. Karata zikafunuliwa, na Meneja hakuwa hata na jozi moja.

Dakika chache tu nikaitwa. Meneja alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Akawaambia wote kwamba mimi nililitundika lile koti makusudi alione, kwamba nimelipwa nimdanganye. Kisha akamgeukia mama, kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Wewe nalipa hii boi?"

Ningeweza kujitetea. Ningesema, koti ni la marehemu, mwenyewe alinikataza kusema. Lakini ilikuwa siri yake, na yeye alikuwa pale pale, amelivaa. Nikamtazama, nikimngoja aseme yeye.

Macho yake yalinipanda na kunishuka, yakakomea miguuni. Jumapili tulikuwa tumembatiza Yohana, na mimi nilikuwa nimejinyima miezi mingi nikanunua viatu vyeusi vya kusimama navyo kanisani. Jumatatu nilivivaa kazini, kwa furaha tu.

"Mimi hapana lipa yeye," alisema. "Lakini angalia viatu yake. Mpya kabisa. Iko mtu amelipa."

Mnaona! Mwanamke ambaye muda ule ule amesomwa vibaya kwa koti lake, akanisoma mimi kwa viatu vyangu. Na aliniona nikimtunzia siri!

"Toka," Meneja akasema. "Leo hii, na mwanamke yako."

Tulitoka na mvua, Tabitha amemfunika mtoto kwa kanga, mimi na godoro kichwani. Fundi Mkuu alinirudisha dukani bila kuniuliza swali, Mungu amrehemu, lakini dukani hapakuwa na nyumba ya mke, na kibali cha Tabitha cha kukaa mjini kikakataliwa. Ilibidi aende na mtoto Ndabibi kwa wazazi wangu. Siku nilipopata ruhusa ya kwenda kuwaona, Yohana alikuwa anakimbia uani. Nilimnyooshea mikono, akapiga yowe akajificha kwenye sketi ya mamake.

Nilishona na Fundi Mkuu mpaka alipofariki, nikaendelea na duka mwenyewe mpaka macho yakakataa kutunga uzi. Nimewafundisha vijana wengi kazi hii, na kila mmoja nimemwambia afunge mdomo kuhusu nguo za watu. Sijutii kufunga wangu.

Wananiambia, mzee, hayo ni ya zamani, samehe. Meneja nilishamsamehe. Alikuwa mpumbavu, na kumkasirikia mpumbavu kunachosha. Yule mama bado. Ameshinda gari, ana ng'ombe wake, ana koti la mumewe mwilini na siri yake imekaa salama. Alitakiwa aseme tu, "Huyu hana kosa." Hayo tu, na mwanangu angejifunza kutembea akiwa ameshika vidole vyangu.