Jioni Kukhu Alipotangulia Kwenye Darubini

Harufu ya utambi wa koroboi iliyozimwa sasa hivi, ule moshi mzito wa mafuta ya taa unaong'ang'ania puani, hunirudisha moja kwa moja kwenye uwanja wa shule yetu ya msingi kule Navakholo. Hapo ndipo nilipoona kijiji kizima kikizima taa zake kwa hiari. Nilikuwa darasa la nne.

Ulikuwa mwaka ule wa tisini na kitu, nyota yenye mkia ilipojitokeza upande wa machweo, juu ya mashamba ya miwa, ikakaa hapo wiki baada ya wiki. Kila jioni nilimsimulia Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, ambaye nililala nyumbani kwake: leo imesogea, leo mkia wake umenyooka kama ufagio. Yeye alikaa mlangoni akichambua mboga za mrenda, akiitikia tu. Watu wazima wengi hawakuipenda nyota ile. Wengine walisema imeleta njaa, wengine kifo, na miaka ile kila jambo lisiloeleweka lilisemwa ni la waabudu shetani.

Ndipo Mwalimu Ayuma, mwalimu wetu wa sayansi, msichana aliyetoka chuoni juzi tu, akaazima darubini na kutangaza kwamba kila mtu aje uwanjani Ijumaa jioni. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba taa zizimwe. Kwetu aliomba zaidi: baba aahirishe kuchoma miwa siku hiyo, moshi usije ukafunika anga. Baba alikubali kwa kunung'unika, akisema hajawahi kusikia miwa ikingojea nyota.

Watu walikuja, nadhani wengi wao kumwona mwalimu akiaibika. Karabai ya mwenye duka ilipozimwa, ya mwisho kabisa, giza lilitushukia kama blanketi, kisha polepole likaanza kufunguka. Sikuwa nimejua kwamba nyuma ya nyota kuna nyota nyingine, na nyuma ya hizo nyingine tena.

Darubini ilisimama katikati ya uwanja kwa miguu yake mitatu. Hakuna aliyeisogelea.

"Nani ataanza?" Mwalimu aliuliza.

Baba Wekesa, nyapara wa wakata miwa, ndiye aliyejibu. "Watu wanasemanga ukichungulia hiyo bomba, macho inabaki huko ndani. Kwanza mwalimu atuambie, yeye ni wa dini gani?"

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Akina mama wakaanza kukusanya watoto wao, na mama yangu akanishika mkono. Mwalimu aliwaita wangoje, hakuna aliyegeuka.

Kukhu akainuka kutoka nyasini, akajikung'uta leso. "Nasimiyu, nipeleke."

Nilimwongoza katikati ya watu. Mwalimu alimshika mkono, akamwekea jicho mahali pake. Kukhu aliinama pale kwa muda mrefu hivi kwamba nilisikia vyura wa mtoni.

"Ee! Naiona," akasema kwa sauti ya kufika mpaka nyuma. "Mkia wake umenyooka kama ufagio. Kitu kizuri namna hii, nyinyi mnaogopa nini?" Kisha akageukia alikosikia sauti ya Baba Wekesa. "Na macho yangu ndiyo haya. Nimerudi nayo."

Safari hii kicheko kilikuwa kizuri. Foleni ikajipanga yenyewe.

Zamu yangu ilipofika, nyota ile ilijaa jicho langu, nyeupe kama maziwa yaliyomwagika na bado yanatiririka. Kisha Mwalimu akaigeuza darubini kwenye Kilimia. Nyota sita nilizozoea kuhesabu zikawa nyingi mno, kama mtu amerusha kiganja cha chumvi gizani. Baba alitazama mpaka foleni ikalalamika, na aliporudi aliketi, kofia mkononi, kama yuko kanisani. Ijumaa zilizofuata watu walikuja hata kutoka Butali.

Mimi nilijivuna kwamba Kukhu na mimi tuliona sawasawa, hata maneno tukachagua yale yale.

Miaka miwili baadaye alijimwagia chai ya moto, tukampeleka hospitalini Kakamega mjini. Daktari akasema mtoto wa jicho amefunika macho yote mawili, na kwa miaka mingi mama huyu amekuwa akiona mwanga na vivuli tu. Nilimuuliza pale pale kwenye benchi aliona nini siku ile.

"Sikuona kitu," alisema. "Lakini nilisikia vile msichana wa watu alikuwa amebaki peke yake."

Nilikasirika, nikamwona mwongo. Ilinichukua miaka, mpaka nami nikawa mwalimu na kusimama mbele ya watu wasionitaka, kuelewa kwamba anga yote niliyoiona jioni ile nilipewa na mtu ambaye hakuweza kuiona.

Alipopasuliwa macho, mwaka ule ule wa chai ya moto, na kurudi nyumbani, jioni ya kwanza alitoka nje mwenyewe bila kushikwa. Alisimama uani, shingo imekunjwa nyuma, machozi yakimtiririka hadi masikioni. Nilimfuata taratibu, nikadhani macho yanamuuma.

"Nasimiyu," akaninong'oneza, "kumbe bado ziko zote."