Foleni ya Mafurushi Kituo cha Haemok

Saa nane mchana, siku ya gulio, mafurushi kumi na manne yamepanga foleni katika kituo cha basi cha Haemok. La kwanza lina vitunguu vya majani. La pili lina jembe jipya lililozungushiwa gazeti. La tatu ni la kitambaa cha waridi, limekazwa mafundo mawili. Wenyewe hawapo; mafurushi yanawashikia zamu. Baridi ya Februari inauma, na benchi la umeme lenye joto linatosha watu watano tu, tena wawe wembamba.

Tak Mal-lim, mwenye umri wa miaka 63, anapita mbele ya foleni hiyo akiwa na kizibao cha rangi ya chungwa. Halmashauri imemwajiri kuwasaidia wazee kupanda na kushuka basi siku za gulio, yaani siku sita kwa mwezi, kwa won elfu themanini kwa siku. Kulinda mafurushi hakumo kwenye mkataba, wala kujua kila mwenye furushi amejibanza wapi.

"Hili la vitunguu, mwenyewe anachomwa sindano za goti," anasema. "La jembe ni la Mzee Gwak, yuko kwenye supu, na atarudi akiniapia kwamba hakugusa pombe. La waridi ni la mama wa Unsan. Kaniambia anakwenda msalani."

Hapa bibi huitwa kwa kijiji alikozaliwa, hata kama ameolewa kwingine miaka sitini iliyopita.

Mal-lim alishona mashati kiwandani Busan kwa miaka thelathini, akarudi nyumbani mumewe alipofariki. "Kule kazi haikuwa na maneno," anasema. "Huku maneno ndiyo kazi."

Saa tisa na nusu wenyewe wanaanza kurudi, kila mmoja akisimama kando ya furushi lake. Hakuna anayeuliza nani alitangulia. Basi la Neutjae, kule bondeni, la mwisho kwa siku, linaingia dakika tano baadaye. Furushi la waridi bado liko peke yake.

Mal-lim anakwenda msalani. Hayumo. Anachungulia duka la dawa, zahanati, saluni. Hayumo. Anapiga simu, na furushi linaita.

"Jamani!" anasema Mzee Gwak. "Mwenyewe kaacha hadi masikio!"

Kicheko kinazimika upesi. Mama wa Unsan ana miaka 81 na anaishi peke yake mwisho wa bonde, kilomita kumi na saba kutoka hapa. Mal-lim anakiri kuwa moyo ulimpaa. Mwaka jana mzee mmoja aliteleza nyuma ya soko, akakaa kwenye barafu saa nzima kabla hajaonekana.

"Dada, dakika zangu zimekwisha," dereva Pyo anasema. "Wapandishe."

Mwenye vitunguu anapanda. Mzee Gwak anapanda. Mama wa Galmae, ambaye ni wa nne, anasimama nyuma ya furushi la waridi na hasogei.

"Mama, panda," Mal-lim anamwambia.

"Nimruke mwenzangu? Zamu yake hii."

"Asiyekuwepo na lake halipo, mama."

"Lake hili hapa! Una macho au una vifungo?"

Nyuma yake watu kumi wanaangalia pembeni, wakijifanya hawasikii. Hakuna anayevuka. Mzee Gwak anapiga kelele dirishani kwamba ng'ombe wake hawajui habari za zamu. Kisha anashuka, akinung'unika, kwenda kusaidia kutafuta.

Saa kumi kasoro dakika kumi, mama wa Unsan anatokea kwenye uchochoro wa studio ya picha, akikimbia kadiri miaka 81 inavyoruhusu. Midomo ni myekundu, nywele zimelala sawasawa, na juu ya suruali yake ya shamba amevaa blauzi ya hariri ya sherehe.

"Unaolewa, au?" mama wa Galmae anamrukia. "Unatugandisha hapa kumbe unajiremba! Bwana harusi ana meno lakini?"

"Nimepiga picha," anajibu akihema. "Ile ya kuwekwa mbele ya maua. Msalani nilisingizia tu. Mngenicheka."

Hakuna anayecheka. Wote wanaijua picha hiyo, ambayo waombolezaji huiinamia mwenye nayo akiwa hayupo tena. Mama wa Galmae ananyoosha kidole gumba na kumfuta rangi iliyovuka mdomo.

"Ulicheka au ulinuna?"

"Nilicheka."

"Afadhali. Wanao wasije wakamwinamia mtu aliyenuna. Na blauzi hii?"

"Yesu wangu! Ya studio! Nimeondoka nayo!"

Inavuliwa papo hapo juu ya sweta lake, na Mal-lim anatimua mbio kuirudisha. Dereva Pyo anazima injini. Habari za dakika hazitaji tena.

Hata kabla basi halijaondoka, wameshakubaliana: gulio lijalo watu saba watakwenda studio. Mal-lim ametoa amri asiende mtu peke yake, tena iwe kabla ya saa saba. "Na nimewaambia, anayekwenda msalani aende msalani kweli. Leo nilikuwa nimeshaanza kulia, basi tu hawakuniona."

Basi linapotoka, anakaa kwenye benchi lenye joto kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mkataba wake unakwisha Desemba, na ataomba tena kama magoti yatakubali. Anasema picha ya msiba ya mama yake waliikuza kutoka kwenye kitambulisho, kwa kuwa hakukuwa na nyingine.

Yake je, atapiga lini? Mama wa Unsan ameshamsihi afuatane na hao saba.

"Nitapiga," anasema, akizitazama alama za magurudumu kwenye theluji kuelekea bondeni. "Ila kwanza niwapandishe hawa wote."