Sifuri ya Mama Tania

Casimir Asukulu alifundisha fizikia mjini Baraka, Kongo, hadi vita vilipofunga shule. Mwaka 2003 shirika moja la misaada lilimpa meza, kompyuta ya umeme wa jua, na kazi: kuandika, kwa lugha ya C, programu ya kulinganisha fomu za wazazi waliobaki upande huu wa Ziwa Tanganyika na za watoto waliovukia Kigoma bila wao. Orodha ya kwanza ilipaswa kuondoka na boti ya Jumanne. Asiyekuwamo angesubiri miezi.

Kila alipoitafsiri programu kuwa lugha ya mashine, kompyuta ilitoa onyo lilelile: kigeu "watoto", yaani nafasi ya kuwekea idadi yao, huenda kikatumika kabla ya kupewa thamani. Alilipuuza, maana programu ilifanya kazi. Kisha familia moja ya kijiji cha Nundu ikatokea na watoto 32,614. Kigeu kisichopewa kitu hubeba chochote kilichoachwa pale kwenye kumbukumbu ya mashine. Casimir akakipa sifuri. Onyo likatoweka, naye akabandika orodha mlangoni.

Jumatatu asubuhi Suzanne, muuza samaki wa Swima, alisomewa orodha hiyo, jina lake likiwa na sifuri, akaingia ofisini.

"Mwalimu, we unaniita nani?"

"Mama Tania."

"Na karatasi yako inasema sikuzala. Nisikilize nani, wewe ao karatasi?"

Casimir alitafuta fomu yake. Penye idadi ya watoto palikuwa patupu. Chini kulikuwa na majina mawili.

"Karani hakuuliza bangapi?"

"Aliuliza. Nikamutajia Tania na Élie. Batoto banatajwa majina. Mbuzi ndiyo tunahesabu."

Sifuri ilikuwa imenyamazisha onyo tu. Palipokuwa "hatujui", yeye aliandika "hakuna". Aliifuta, onyo likarudi, na safari hii akalifuata hadi mstari wa programu ulioruka nafasi tupu ya idadi bila kukipa kigeu thamani. Akaifanya programu ihesabu majina yenyewe, na pasipo na jina wala idadi, isimame iulize.

Alasiri familia kumi na tisa zilizokuwa na sifuri zilirudi kwenye orodha na watoto wao. Suzanne alikuwa bado kwenye benchi. Casimir akamsomea: Tania, miaka kumi na moja, Élie, saba, wote wamepatikana kambini Kigoma.

"Élie iko na saba?" Suzanne aliuliza. "Alivuka na miaka ine. Basi ile shati nilimuwekea haitamuenea. Nitashona ingine."