Uwanja Usio na Ndege

Kaka yangu alitaka kuwa rubani tangu tulipokuwa tukichunga mbuzi, lakini macho yake yakamkatalia. Alipomaliza shule alikwenda Nairobi kupimwa, daktari akamwambia wazi kwamba macho hayo si ya kuendesha ndege. Akarudi nyumbani, akala, akalala. Kisha akaenda Mombasa akawa karani, na kwa miaka mingi hatukumsikia akitaja ndege tena. Mimi ni mtu wa kusahau haraka, nikadhani na yeye amesahau.

Miaka ya tisini ikiwa imeanza, alishuka Emali na kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi yao, ameifunga kwa blanketi kama mgonjwa. Nilikuwa na hoteli ndogo karibu na stesheni, chai na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwa madereva wa malori, na nyuma yake stoo ya ndengu. Kijijini kwetu stima haikuwa imefika, kwa hiyo mashine ikawekwa mezani katikati ya magunia yangu. Ndipo aliponiambia kwamba ameacha kazi. Macho yalikuwa yanakufa. Ilikuwa presha ya macho, na ingeyamaliza polepole kuanzia pembeni.

"Sasa hii mashine ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kurusha ndege, mwiitu wa mwaitu."

Binti ya mama yetu: ndivyo Mkamba anavyomwita dada yake, hasa akiwa na jambo la kuomba.

Mimi niliiita programu ile mchezo, naye alikasirika kila nilipoiita hivyo. Kioo kilionyesha saa na mishale ya chumba cha rubani, na mbele yake ardhi. Aliweza kuruka kutoka mji mmoja wa Wazungu hadi mwingine, akihesabu mafuta, akitazama upepo, akiongea peke yake na watu wa uwanjani ambao hawakuwapo. Lakini kati ya Nairobi na Mombasa hapakuwa na kitu. Rangi tupu.

"Wametuacha," nikasema.

"Hawajafika," akanijibu. "Hizi programu zinakua kama watoto. Siku moja zitakuwa na kila kilima na kila nyumba. Mvua ikinyesha hapo nje, itanyesha na humu ndani."

Alisema hivyo kwa sauti ya mhubiri anayeeleza mbingu, nami nikamwambia kwamba kanisani kwetu watu wametengwa kwa makosa madogo kuliko hayo. Akacheka. Kisha akanieleza alichotaka. Alikuwa na diski nyingine zilizomruhusu mtu kuongeza mahali pake mwenyewe. Alitaka kuchora nyumbani kwetu, na atue pale japo mara moja kabla macho hayajafunga. Hakuwa na haja nyingine duniani.

Akaanza. Alichora reli kwanza, maana reli ilikuwa ya kumwongoza, kisha Makindu, kisha vilima. Aliweka hata Kanyangi, mbali huko alikozaliwa mama, mahali ambapo safari yoyote isingempitisha. Kazi ambayo ingemchukua mtu mwenye macho asubuhi moja ilimchukua yeye wiki. Halafu akakwama: alihitaji kujua ni wapi kijijini pangeweza kutosha uwanja, na hakuwa na macho ya kwenda kupima.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mwethya wetu, lile kundi la kina mama ambao hulimiana matuta na kujengeana kwa zamu. Nilimkuta akitoka kanisani. Nikamwambia kaka yangu anahitaji uwanja wa ndege nyumbani, watutazamie mahali pa sawasawa. Aliuliza swali moja tu.

"Anautaka lini?"

"Kabla ya mvua. Macho yake hayangojei."

Kuuliza si ujinga, lakini hakuuliza zaidi. Mwethya ukiitwa hauhoji. Mtu ana shida, unachukua jembe.

Siku mimi na kaka tulipokwenda nyumbani kupaona mahali hapo, tulisikia nyimbo kabla ya kuona watu. Kina mama walikuwa wamefyeka kutoka zizi la mbuzi hadi karibu na mto mkavu. Visiki viling'olewa, vichuguu vikasawazishwa, hakuna hata mwiba uliobaki. Na pande zote mbili, toka mwanzo hadi mwisho, walikuwa wamepanga mawe na kuyapaka chokaa, kama yale ya mbele ya ofisi ya chifu. Kaka yangu alisimama, akageuza kichwa huku na huku ili apate kuona vipande vipande.

Mwenyekiti akaja akijipangusa jasho. "Sasa mwanetu, ndege inakuja lini?"

Nilitaka kusema uongo. Kaka hakutaka.

"Mama, ndege iko ndani ya mashine. Haitoki."

Kuna mama aliyeketi chini akaguna, "Na mgongo wangu je?" Mwenyekiti alimtazama kaka yangu usoni kwa muda, akaona jinsi macho yake yalivyomtafuta na kumkosa.

"Kazi ya mwethya hairudishwi," akasema. "Leteni chakula."

Tukala muthokoi, wengine wakinuna, wengine wakinitania kwamba nitawakodishia Wazungu uwanja. Niliona aibu.

Aliuchora uwanja ule jinsi ulivyokuwa, na mawe yake. Jumapili moja baada ya ibada aliniita stoo. Pua yake ilikaribia kugusa kioo. Reli ikapita, vilima vikapita, kikaja kimstari cha kahawia na kando yake kisanduku, nacho kilikuwa nyumba ya mama. Ndege ikagusa chini, ikasimama. Hakushangilia. Alizima mashine, akaweka mikono magotini, nami nililia kwa sababu nilijua amemaliza.

Mwaka uliofuata hakuona tena. Nilimrudisha kijijini, nikafunga kompyuta kwa lile blanketi.

Baadaye mwenzake wa Mombasa akaleta diski za programu mpya. Mashine yetu haikuziweza, nikazipeleka kwa mwalimu mmoja wa Emali aliyekuwa na kompyuta mpya. Mawingu yalikuwa mazuri kweli. Lakini nyumbani alikokuchora kaka kulikataa kufunguka humo, na mahali petu pakabaki rangi tupu, tofauti ni kwamba sasa ilikuwa nzuri zaidi. Nilikasirika nusura niipige ile mashine kofi.

Nikaenda nyumbani kumwambia. Nilimkuta ameketi kwenye jiwe la kwanza la uwanja.

"Tuko?" akauliza.

"Hatuko."

"Watafika," akasema.

Akainuka, akapapasa kwa fimbo hadi ikagonga jiwe la kushoto. Kwingine kote pale kijijini aliongozwa: chooni, kanisani, hata mezani. Lakini pale hapakuwa na kisiki wala mwiba wala shimo, na akikosea, fimbo inagonga jiwe. Alitembea hadi karibu na mto, akageuka, akarudi, kifua mbele, kwa mwendo wa mtu mzima mwenye safari. Hakuna aliyemshika mkono.