Wavu Mtupu wa Profesa

Nilipoolewa, mume wangu alinipeleka kwa mama yake, mtaani Rugenge, nikapika mwaka mzima katika jiko ambalo sikuruhusiwa hata kuchagua chungu. Mama mkwe aliketi mlangoni kwenye kiti chake kidogo na kunielekeza kwa kidevu. Chumvi ikizidi, kosa langu; ikipungua, kosa la mama aliyenizaa. Kwa hiyo siku mume wangu alipopata kazi kwa profesa, na kazi ikaja na nyumba ya mabati kule Kalundu, mimi nilianza kufunga mizigo kabla hajamaliza kuniambia.

Profesa alikuwa mzungu mrefu mwenye magoti mekundu. Alitumwa na chuo kikuu cha serikali, kilichokuwa kimefunguliwa juzijuzi tu mbali kusini, kwenye mji wa shaba. Kazi yake ilikuwa kuwachunguza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Sitanii. Mtu mzima mwenye ndevu alivuka nchi nzima ili ajue ndagala wanakwenda wapi mchana. Usiku wa giza wanapanda juu kufuata taa, kukicha wanashuka. Hilo kila mtu wa ziwani alilisikia tangu tumboni. Na yeye alilijua, ila alitaka kulithibitisha. Kuthibitisha, kwa nilivyoelewa mimi, ni kujua jambo halafu kulihangaikia miaka mingine mitatu.

Mume wangu alikuwa kapita wake, yaani msimamizi wa wavuvi wa mtumbwi wa utafiti. Alikipenda cheo hicho kupita kiasi. Akirudi jioni alitaka kunisimamia na mimi, nikamwambia ukapita unaishia mlangoni.

Kisha ikaja habari kwamba Rekta, mkuu wa chuo kikuu chote, angepita Uvira. Angetoka Usumbura kwa gari asubuhi, aone kazi, na jioni apande meli pale Kalundu aendelee na safari yake. Profesa aliwaeleza wavuvi bila kuficha: Rekta akiridhika, chuo kitaendelea kuusaidia utafiti, asiporidhika, mtumbwi utauzwa na nyumba zitafungwa. Mume wangu alinisimulia hayo huku anakula. Mimi sikusikia mtumbwi wala utafiti. Nilisikia kiti kidogo cha Rugenge kikisogezwa mlangoni.

Ubaya ni kwamba Rekta angekuja mchana, tena mwezi ukiwa mpevu, majira ambayo hata usiku ndagala hawaitaki taa na wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Profesa wala hakujali. Alisema wavu utashushwa mchana huohuo, taa ikiwaka, ili Rekta aone kwa macho yake kwamba hapandi hata mmoja. Wavu mtupu ndio ungekuwa ushahidi wake.

Mume wangu alielewa kila neno na hakukubali hata moja.

Wiki hiyo mama mkwe alikuwa amekuja "kunisaidia". Alipousikia mpango huo aliweka sahani chini.

"Mugeni anatoka mbali vile, munamuonyesha wavu bule?" akasema. "Haya gani iyo! Atasema kwetu Uvira samaki haiko."

"Mama, profesa mwenyewe ndiye anataka," mume wangu akajibu.

"Profesa iko muntu wa adabu, hawezi kuomba. Weye ndiye kapita. Kapita anajua kile mukubwa anataka mbele ya kusema."

Mume wangu akanawa mikono polepole. Ningejua alikuwa anafikiri nini, nisingelala.

Asubuhi niliamka nikakuta vikapu vyangu viwili vya ndagala wakavu, niliowavuna siku za giza na kuwaanika mwenyewe kwenye mchanga, viko vitupu. Niliwatukana paka wa Kalundu wote, wazazi wao na watoto wao.

Rekta alifika na suti nyeupe, mtu mfupi, mnene, mtaalamu wa sheria ambaye samaki alikuwa amewaona mezani tu. Akakalishwa ufukweni kwenye kiti cha profesa. Mimi na mama mkwe tulisimama nyuma kidogo. Mtumbwi ulikwenda hatua chache tu, maana ziwa letu lina kina tangu karibu, na taa ikawashwa juani saa nne asubuhi. Ukiitazama huoni kama inawaka au imezimwa. Mume wangu akainama juu ya wavu muda mrefu, mgongo kwetu. Punde vitu vidogo vikaanza kuelea kando ya mtumbwi, ndege wakaja, na Rekta akaanza kutikisa kichwa kwa furaha.

Wavu ukaletwa hadi mchangani, wavuvi wakiimba. Ukafunguliwa mbele ya Rekta. Umejaa!

Profesa alibadilika rangi hadi magotini. Rekta aliuliza swali fupi kwa Kifaransa, wala halikuhitaji mkalimani: aliuonyesha wavu, akamwonyesha profesa, akainua nyusi. Mume wangu alisimama kifua mbele, akingoja kupongezwa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Siku ile niliona mume wangu ni kipara.

Mimi nilisogea nitazame. Majani ya kikapu changu yalikuwa bado yamewanata samaki. Nilisahau Rekta, nikasahau nyumba, nikasahau hata adabu.

"Hii ni ndagala yangu! Minye ndiye nilianika!"

Profesa alijua Kiswahili. Aliokota ndagala mmoja akamvunja, naye akavunjika kwa mlio, kwa kuwa chini ya maji hakukaa hata kiasi cha kulowa. Akanitazama mimi, akamtazama kapita wake, halafu akaketi mchangani na suruali yake safi, akacheka mpaka machozi. Samaki wale hawakupanda kutoka chini. Walishuka kutoka juu.

Alipomweleza Rekta, Rekta hakucheka. Alichukua ndagala, akanusa, akatafuna. Tukangoja. Niliona kiti cha Rugenge kinanijia. Akachukua wa pili, akasema maneno marefu, na profesa akatutafsiria polepole.

"Rekta anasema, kila idara anayoitembelea, watu wanamtilia samaki kwenye wavu. Leo ni mara ya kwanza amekutana na profesa aliyetaka auone mtupu. Kazi itaendelea."

Wavuvi walipiga makofi. Mimi nililia waziwazi, kwa furaha tupu. Rekta akauliza tena: ni nani aliyekausha ndagala hawa vizuri hivi? Profesa alihitaji samaki wakavu wa kupeleka chuoni. Kingejengwa chumba cha kuwakaushia, na mtu huyo angekisimamia.

Nilifungua kinywa. Mama mkwe alikuwa ameshafika mbele ya Rekta, mikono kifuani.

"Ni kwetu, bwana mukubwa. Huyu ni bibi ya mwana wangu. Mikono yake ni yangu."

Mbele ya wageni, kwetu, mke hambishii mama mkwe. Nilifunga kinywa.

Chumba kilijengwa kikashikana na nyumba yetu, ukuta kwa ukuta. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wangu, mama mkwe, alikuja na cheo cha msimamizi na ufunguo. Siku ya kwanza ya kazi alifika na kiti chake kidogo kichwani, akakiweka mlangoni, akakaa, akavuta pumzi. Kisha akawaelekeza ndagala kwa kidevu.

Nikaenda kuwageuza.