Furushi Lililofika Bungeni

Mimi ni mtu wa ndani. Nikisema hivyo watu hudhani natania, ila mke wangu yuko tayari kuniapia. Tumepanga chumba na sebule Magomeni, na cherehani yangu inakaa dirishani. Madera anayouza yeye Kariakoo, pindo napiga mimi. Yeye huyapeleka duniani, mimi huyaaga mlangoni. Majirani wananiita Mlinzi, nami sikatai, maana mlinzi hulala kazini. Saa nane mchana, feni ikizunguka na kitambaa kikiwa kimejaa mapajani, hujikuta nashona pindo lisilokwisha, linatoka dirishani, linavuka barabara, linaelekea mjini lenyewe bila mimi. Nikizinduka, sindano iko palepale.

Meza ya mke wangu ilikuwa mbele ya duka la vyombo. Mwenye duka ni Mchaga wa makamo tunayemwita Mangi, kama wanavyoitwa nusu ya wenye maduka waliotoka kwao. Makubaliano yao hayakuandikwa popote. Asubuhi mke wangu anafagia mbele ya duka na kunyunyiza maji vumbi litulie. Jioni Mangi anamlazia furushi la madera stoo, nyuma ya masufuria, asihangaike nalo njiani. Aliyefuata dera akigeuka anaona sufuria, aliyefuata sufuria akigeuka anaona dera. Basi, maisha yanaenda.

Ikaja habari kwamba meza zote za mbele ya maduka zitaondolewa. Wenye maduka wa mtaa ule walikuwa wamepeleka manispaa barua yenye saini zao, wakisema wanazibiwa milango. Kwetu sisi kodi, unga na ada ya mtoto vyote vilikuwa juu ya ile meza pamoja na madera. Mke wangu hakulia. Alikaa kitandani akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Mbunge wa eneo lile, mama mwenye sauti ya taratibu, akawaita wafanyabiashara kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Mke wangu alinisimulia jioni. Mheshimiwa alisema ana nafasi ya kuuliza swali bungeni, lakini hataki manung'uniko ya jumla.

"Jamani, nikisema hali ngumu, nitajibiwa hali inashughulikiwa, halafu tutaagana. Niandikieni kitu ninachoweza kukishika mkononi."

Kazi ya kuandika ikaniangukia mimi, kwa sababu nina kidato cha nne na mwandiko ambao mke wangu anasema ni wa bibi harusi. Niliandika siku mbili nzima. Nikaeleza ufagio, maji na furushi, nikitaka waheshimiwa waone kwamba mwenye duka na mwenye meza wanaweza kukaa kama majirani. Furushi lenyewe nikaliita "kifurushi", kwa mapenzi tu. Niliandika kama mtu anayeota, na kwa kweli sehemu fulani niliiota.

Asubuhi ya siku ya swali mke wangu alinitoa nyumbani karibu kwa kunivuta. Mgahawa wa kona una televisheni na mtaa mzima ulikuwa unaelekea huko.

"Wewe utakaa mezani," akaniambia.

"Lakini maneno yale ni yangu!"

"Maneno yako, meza yangu. Si unapenda kukaa? Haya, kaa."

Mangi akashusha mlango wa duka nusu, akanipungia mkono. "Shemeji, leo jua limekuona! Usiyeyuke tu." Naye akaondoka.

Sijawahi kuona Kariakoo imenyamaza. Mikokoteni ilikuwa imeegeshwa bila watu, kama imechoka yenyewe. Spika za matangazo zilikuwa zimezimwa. Upepo ukaingia kwenye madera yaliyotundikwa juu yangu, yakajaa, yakageuka huku na huku kama akina mama wasio na vichwa wanaoulizana habari. Nilikaa chini yao nikahisi niko dirishani kwangu, ila dirisha limeondoka na ukuta.

Mama mmoja mwenye kikapu akasimama. "Kwani leo kuna msiba hapa?"

"Hapana mama, shikamoo. Wote wamekwenda kusikiliza Bunge."

"Marahaba. Na wewe wamekuacha?"

"Mimi ndiye niliyeandika."

Akanitazama kwa huruma. "Hilo la kijani bei gani?"

"Sijui mama. Mimi napiga pindo tu."

Akacheka, akavuta kigoda, akakaa kumsubiri mwenye akili.

Kutoka kona nikasikia makofi. Yakaendelea, kisha yakakatika ghafla, na ukimya uliofuata haukunipendeza.

Mke wangu alirudi wa kwanza, anatembea haraka, ushungi umemdondokea begani. Akamuuzia mama wa kikapu dera lake, akamshukuru vizuri, kisha akanigeukia.

"Mheshimiwa amelisoma andiko lako lote. Neno kwa neno. Muuza vyombo anamlazia muuza madera kifurushi chake."

"Si ndiyo vizuri?"

"Muuza vyombo aliyepakana na muuza madera mtaa huu ni nani mwingine? Muuza mapazia wa duka la jirani amesimama mbele ya watu, kamwambia Mangi, kumbe ndiyo wewe! Juzi si umesaini na sisi meza ziondoke?"

Mangi alikuwa amesaini.

"Na sikiliza," akaendelea, "furushi huwa silipitishi mbele. Nalipitisha uchochoroni, mlango wa nyuma, wenzake wakishafunga. Miaka yote. Ungekuwa unatoka ndani hata mara moja ukaja kunipokea, ungejua!"

Hapo ndipo nilipolielewa kosa langu. Nilikuwa nimelitangazia taifa jambo lililokuwa likipita mlango wa nyuma, kwa sababu sikuwahi kuwepo jioni hata moja.

"Na waziri kajibu nini?"

"Kasema watatuma watu waje kuuona huo utaratibu kabla meza yoyote ya mtaa huu haijaguswa. Sasa waje waone nini? Akinifungia stoo, hakuna utaratibu, na hakuna meza."

Mangi akarudi. Akapandisha mlango bila kututazama na akaanza kupanga masufuria yaliyokuwa yamepangwa. Mimi sikuthubutu kurudi Magomeni, ingawa mwili wote ulinililia kwenda.

Jioni mke wangu akakunja madera polepole, moja moja, akafunga furushi. Wenye maduka walikuwa wamesimama milangoni mwao, hawafungi. Walikuwa wanasubiri kuona.

"Mangi," mke wangu akasema, "ulisaini?"

"Nilisaini, shemeji. Karatasi imepita duka kwa duka, wote wananiangalia mkono. Ningekataa ningekaa na nani hapa?"

"Na mimi nilikuwa nafagia kila siku."

"Ulikuwa unafagia." Akajifuta mikono kwenye suruali. Akawaangalia wenzake upande huu, akawaangalia upande ule, akapumua kama anayeingia maji ya baridi. "Lete hilo furushi. Na lisipite nyuma."

Mke wangu akainama kulishika. Mangi akamzuia.

"Wewe pumzika, shemeji. Leo abebe mwandishi."

Nikalibeba. Nilikuwa nimezoea kuyaona madera yale mojamoja, mepesi mapajani pangu kama usingizi. Sikuwahi kuyabeba yakiwa pamoja. Nikapita mbele ya muuza mapazia, jasho likiniingia machoni, na kwa sababu sikuona sawasawa nikamsalimia kwa heshima zote. Akaitikia, sijui kama alipenda. Nikavuka kizingiti cha mbele, nikaingia stoo, na katika giza lile masufuria yalining'aria pande zote kama miezi mingi iliyohifadhiwa kwa ajili ya kuuzwa.

Nyuma yangu nikamsikia Mangi akicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

"Shemeji," akasema, "hicho ndicho kifurushi?"

Nilikuwa natafuta pa kukitua.